Usimng'oe Vampaya Wako Meno

Swali: Shikamoo, mwalimu. Ninaandika riwaya yangu ya kwanza, mapenzi ya giza kati ya msichana na vampaya, kwa wasomaji wa miaka 14 hadi 18. Msichana ana miaka 17, vampaya ana miaka 300 na ushei. Rafiki yangu aliyeusoma mswada anasema nimeandika unyanyasaji nikaupaka rangi ya mapenzi. Alitaja sura ya nne, ambapo vampaya anaingia chumbani usiku na kumtazama msichana akiwa amelala, na sura ya tisa, ambapo anamfutia kumbukumbu ili asiumie. Nikimlainisha vampaya, hadithi inapoa kabisa. Nikimwacha alivyo, naogopa nitawafundisha wasichana kupenda watu wa kuwaumiza. Nifanyeje? Na mwishoni amgeuze msichana awe vampaya kama yeye, au asimgeuze?

Jibu: Marahaba. Usimlainishe. Rafiki yako amesoma kwa makini na aliyoyaona yapo kweli, lakini ukimpunguza makali vampaya utabaki na kijana mpole mwenye ngozi baridi, na tatizo litakuwa palepale. Kwa jinsi ulivyoueleza mswada, kasoro kubwa iko upande wa msichana. Hajui anakabiliana na nini, hana mtu wa kumwambia, na hana pa kutokea. Mpe hayo matatu, halafu mwache vampaya awe hatari kadiri unavyotaka.

Kwanza ujue umerithi nini. Mwaka 1748 Mjerumani Heinrich August Ossenfelder alichapisha shairi fupi ambalo huhesabiwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za fasihi ya Ulaya kumtaja vampaya. Anayesema ndani yake ni mwanamume. Binti anayemtaka ameshikilia mafundisho ya mama yake na hampi nafasi. Basi anamtishia kwamba atamjia usiku akiwa amelala, atambusu, atamnyonya damu, na binti akilegea mikononi mwake atamuuliza kama mafundisho ya mama yake yanafua dafu mbele ya haya. Hiyo ndiyo sura yako ya nne, iliyoandikwa karibu karne tatu kabla yako. Tofauti ni kwamba Ossenfelder hakuficha kitu. Ni kisasi cha mtu aliyekataliwa, na msomaji anakiona kuwa kisasi.

Cha pili kinakuhusu zaidi. John Polidori, daktari wa mshairi Mwingereza Lord Byron, alikuwa na miaka 23 tu kisa chake cha vampaya kilipochapishwa mwaka 1819. Mbegu yake ilipandwa kiangazi cha 1816 kando ya Ziwa Geneva, katika kundi lilelile ambamo Mary Shelley alianza kuandika Frankenstein. Vampaya wa Polidori, Lord Ruthven, ni bwana mkubwa anayekaribishwa katika kila sebule ya watu wa tabaka la juu London. Kijana aitwaye Aubrey anaujua uovu wake, lakini Ruthven, alipokuwa kana kwamba anakata roho, alimwapisha asiseme neno kwa mwaka na siku moja. Kisha anarudi mzima na kumposa dada yake Aubrey. Kaka mtu ananyamaza kwa ajili ya kiapo, kunyamaza kunamtia wazimu, na anapofungua kinywa dada ameshaolewa. Watu wanapomfikia, wanakuta ameshanyonywa.

Tazama ni nini kilichomuua yule dada. Meno yalimalizia tu; kazi kubwa ilifanywa na siri. Ndiyo maana mswada wa aina hii ukinifikia, kabla sijaangalia kama vampaya ni mkali au mpole, naangalia ni nani mwingine anayejua. Katika riwaya nyingi za vijana za namna hii msichana anabebeshwa siri kubwa, anaanza kumdanganya mama, anaachana na marafiki mmoja baada ya mwingine, na mwandishi anauchukulia upweke huo kama ushahidi kwamba mapenzi yamekolea. Hapo ndipo ningekuwa na wasiwasi kuliko mahali penye damu. Wewe fanya hivi: mtafutie mtu mmoja anayejua kila kitu. Dada, rafiki, shangazi, yeyote. Mtu huyo anaruhusiwa kukosea. Anaweza kumchukia vampaya bila sababu, au kumshabikia kupita kiasi. Ila awepo wa kumuuliza msichana lile swali ambalo yeye mwenyewe hathubutu kujiuliza. Na vampaya akisema "usimwambie mtu", lisipite hivihivi. Msomaji aone ni nani anayefaidika na ukimya huo.

Sasa hofu yako ya kwamba hadithi itapoa. Inapoa kwa sababu umedhani moto unatoka kwenye ubaya wake. Hautoki hapo. Tangu vampaya alipopewa nafasi ya kujisimulia mwenyewe, jambo ambalo riwaya ya Anne Rice ya mwaka 1976 ililipa nguvu mpya, kilichowavuta wasomaji ni njaa inayozuiwa. Huyu anaweza, anataka, kila mshipa wake unamdai, na bado mkono wake umeganda hewani, sentimita mbili kutoka shingoni. Msomaji wa miaka 15 anaishi ndani ya mwili unaobadilika, uliojaa matamanio ambayo bado hajayapatia jina, na hadithi hii inampa mahali salama pa kuyatazama. Anataka kujua inakuwaje kutamaniwa kiasi hicho na bado kuachiwa uamuzi. Wasichana wanaosoma vitabu hivi wanadharauliwa mno, na nakuomba usiwe miongoni mwa wanaowadharau. Wanajua vampaya hayupo. Wanachopata kwako ni namna ya kuyatazama mambo, yaani kipi kitabu kinakiona na kipi kinakipita kana kwamba hakikutokea.

Nikupe mfano. Katika riwaya ya tatu ya Stephenie Meyer kuhusu msichana Bella na mpenzi wake Edward, ambaye ni vampaya, iliyotoka mwaka 2007, Edward anang'oa kifaa kwenye injini ya gari la Bella ili asiende kumwona rafiki yake Jacob. Anafanya hivyo kwa sababu anamwogopea, na hofu yake ina msingi. Baadaye katika kitabu hichohicho analegeza kamba. Lakini tendo lenyewe ni la kumfungia mtu ndani, na simulizi inalivuka haraka mno, kama ugomvi mdogo wa wapenzi. Tendo hilohilo lingeweza kuwa tukio zito kuliko yote ya kitabu kama msimulizi angekaa nalo: msichana amekaa kwenye kiti cha dereva, anazungusha ufunguo, kimya, anazungusha tena, na taratibu inamwingia ni nani aliyeligusa gari lake. Huhitaji kumbadilisha Edward hata kidogo. Unahitaji kubaki ndani ya gari dakika moja zaidi.

Sheridan Le Fanu alilijua hili mapema. Katika kisa chake cha Carmilla, kilichoingia kwenye kitabu chake cha mwaka 1872, msichana Laura anaishi na baba yake katika ngome ya upweke huko Styria, nchini Austria, na mgeni mrembo anapofikia kwao Laura anavutwa naye na kuchukizwa naye kwa wakati mmoja. Anazisema hisia zote mbili bila kuifuta mojawapo kwa nyingine. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu anasimulia miaka mingi baadaye, mtu mzima akimtazama binti aliyekuwa. Kama unatumia nafsi ya kwanza, fikiria njia hiyo. Ukimsimulisha msichana wako akiwa na miaka 25, anaweza kukiri kwamba alifurahi na papo hapo kuonyesha kwamba aliogopa, na hutalazimika kuingiza mhusika wa kutoa mawaidha.

Tuingie sura ya nne. Riwaya ya kwanza ya Meyer, ya mwaka 2005, ina tukio kama lako: Edward amekuwa akiingia chumbani na kumtazama Bella akilala, na Bella akija kujua anaona amependwa. Wewe una kifaa bora zaidi, na ni cha zamani. Katika Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897, vampaya hawezi kuingia nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mtu wa humo amkaribishe. Akishakaribishwa mara moja, anaingia atakavyo. Ichukue nusu ya kwanza ya sheria hiyo na uivunje nusu ya pili. Katika ulimwengu wako, ukaribisho uweze kufutwa. Kisha liandike tukio upya. Msichana hajalala. Dirisha liko wazi na vampaya amesimama nje, kwenye ukingo, mvua inampiga mgongoni. Msichana anasema aingie. Anaingia. Wanazungumza, anacheka, na katikati ya kicheko anaona macho yamebadilika. Anasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Toka." Na vampaya anatolewa: mwili wake unaburutwa kuelekea dirishani kama umeshikwa na kamba, kucha zinachora mbao za sakafu, na usoni anaonyesha hasira na aibu kwa pamoja. Asubuhi msichana anaipitisha mikono kwenye ile michoro ya kucha. Usiku unaofuata yuko tena dirishani, na safari hii anachukua muda mrefu kabla ya kusema neno.

Tukio hilo linatisha kuliko lako la sasa, nina hakika. Kwenye mswada wako hatari inamkuta msichana akiwa usingizini, hivyo msomaji hana la kuhesabu wala la kungoja. Hapa msichana ana neno moja lenye nguvu, na taharuki yote ni kama atalisema, na kama atalisema mapema ya kutosha.

Sura ya tisa, usiifute. Iache, ila ijue kuwa ni kosa kubwa kuliko yote katika kitabu chako. Nguvu ya kuingia akilini mwa mtu inaua ridhaa moja kwa moja, kwa sababu baada ya hapo hata "nakupenda" ya msichana haijulikani ni ya nani. Waandishi wengine wameliona hilo na kutafuta kinga; L. J. Smith, katika mfululizo wake ulioanza mwaka 1991, aliwapa wahusika mmea unaozuia vampaya kutawala akili zao. Kinga ni nzuri. Lakini wewe tayari una kitu chenye nguvu zaidi, mpenzi aliyeivunja imani kwa nia njema, na umekipoteza kwa kumwacha msichana asijue kamwe. Mfanye ajue. Asiambiwe, ajigundulie. Anafungua daftari lake na kukuta ukurasa wenye tarehe ya Jumanne ambayo yeye hana habari nayo, mwandiko ni wake, umeandikwa kwa kukandamiza kalamu hadi karatasi imetoboka, na mstari wa mwisho umekatika katikati ya neno. Anausoma kama barua ya mtu mwingine. Kuanzia hapo kila kumbukumbu tamu uliyotupa katika sura nane za mwanzo inaingia mashakani, na msomaji anarudi nyuma kutafuta nyufa.

Halafu usimsamehe vampaya ndani ya sura hiyohiyo. Kilio kimoja na maelezo ya "nilikuwa nakulinda" havitoshi. Msichana aondoke, kweli aondoke, na simulizi iende naye huko aliko, kwenye masomo yake na kwa watu wake, kwa kurasa nyingi kiasi cha msomaji kuanza kufurahia kuwa huko. Vampaya akirudi, arudi na kitu kinachomgharimu. Mathalani, awe amempa yule rafiki anayejua njia ya kumzuia.

Suala la umri litakusumbua, na sina njia ya mkato. Jibu lililozoeleka ni kwamba mwili umesimama kwenye miaka 17, kama Edward aliyegeuzwa mwaka 1918 akiwa mahututi kwa homa ya mafua huko Chicago. Jibu hilo halinitoshelezi. Miaka 300 ni mali, ni lugha, ni uzoefu wa kujua watu wanavyovunjika, na msichana wa miaka 17 hana hata kimoja cha kuweka upande wa pili wa mizani. Naona milango miwili. Wa kwanza, punguza miaka. Vampaya aliyegeuzwa miaka mitatu iliyopita, ambaye mama yake bado anabandika picha zake kwenye nguzo za umeme, ana majonzi mabichi kuliko yeyote mwenye karne tatu, na yeye mwenyewe hajui sheria za mwili wake mpya. Hatari inabaki, ubwana unaondoka.

Wa pili ni mgumu zaidi na binafsi ningeupenda zaidi. Chukulia kwa dhati kwamba amesimama. Rice alimwonyesha Claudia, aliyegeuzwa akiwa mtoto mdogo, akili ikikua na mwili ukikataa, na hicho ndicho kitisho kikuu cha kitabu chake. Wewe geuza kitisho hicho: mwili na moyo wote vimekwama pale alipofia. Amepita karne tatu na bado anakasirika kama kijana wa miaka 17, anaapa kama kijana wa miaka 17, na kila alichojifunza kinamwagika baada ya muda. Leo wako sawa. Baada ya mwaka msichana atakuwa amempita. Atamtazama siku moja akinuna kwa jambo dogo na ataona mtoto. Ukiufuata mlango huu, mapenzi yao yana saa inayohesabu tangu ukurasa wa kwanza, na anayekua ni msichana.

Kuhusu mwili, nitakuwa mfupi. Mhusika wako ana miaka 17 na wasomaji wako wengine wana 14. Kuumwa shingo, katika fasihi hii, tayari kumebeba uzito wote wa tamaa. Hakuhitaji kitu kingine juu yake. Andika njaa, pumzi, hofu, mapigo ya moyo ambayo yeye anayasikia kabla msichana hajayahisi, na uishie hapo. Vitabu vya watu wazima vya mapenzi ya giza, vyenye utekaji na kulazimishana, vina rafu zao na wasomaji wao. Usikope matukio yao ukayaleta huku kwa kubadilisha umri tu.

Sasa, amgeuze au asimgeuze? Vyovyote utakavyochagua, epuka kitanda cha mauti. Ndiyo njia rahisi kuliko zote: msichana anavuja damu, dakika zinayoyoma, vampaya hana budi. Katika riwaya ya mwisho ya Meyer kuhusu Bella na Edward, ya mwaka 2008, Bella amekuwa akitaka kugeuzwa tangu zamani, lakini tendo lenyewe linakuja akiwa anakufa baada ya kujifungua, na dharura inachukua kiti cha uamuzi. Kwako ningependa msichana awe mzima, ameshiba, amelala vizuri, mchana kweupe, anajua atakachopoteza kimoja kimoja kwa majina. Holly Black alifanya jambo la busara katika riwaya yake ya mwaka 2013: aliyeambukizwa akikaa siku 88 bila kunywa damu ya binadamu anapona. Nafasi kati ya kung'atwa na kugeuka ni zawadi kwa mwandishi, kwa kuwa humo ndani mtu anaweza kubadili nia. Tengeneza nafasi yako mwenyewe, ya urefu wowote.

Akikubali kugeuzwa, lihamishe tukio hilo kutoka sura ya mwisho hadi kwenye theluthi ya mwisho ya kitabu, ili tuuone mwezi wake wa kwanza: njaa ya kwanza, uongo wa kwanza kwa mama yake, mara ya kwanza anapomtazama rafiki yake na kusikia damu badala ya maneno. Akikataa, usimuue vampaya kwa jua ili kumrahisishia. Annette Curtis Klause alimpeleka vampaya wake kwenye mapambazuko katika riwaya ya mwaka 1990, na pale ilifaa, kwa sababu vampaya huyo, Simon, alikuwa amechoka kuishi, naye msichana Zoe alikuwa anajifunza kumwachilia mama yake aliyekuwa anakufa kwa saratani. Vampaya wako hajachoka. Mwache abembeleze, akasirike, aombe radhi, kisha aondoke akiwa mzima, akijulikana aliko. Kukataa kitu ambacho bado kipo na bado kinakutaka ni kugumu kuliko kukililia kikiwa majivu, na hapo msichana wako atakuwa na kazi ya kufanya mpaka ukurasa wa mwisho.

Anza na sura ya tisa kabla ya ya nne. Ukishajua msichana anafanya nini baada ya kulisoma lile daftari, utajua pia ni msichana wa namna gani aliyelifungua dirisha.